Kapteni Ndani ya Sanduku la Bati

Kabla sijaona kitu, nilisikia kicheko. Kilianza chini kwa chini kama maji yanayotaka kuchemka, kikakatika, kikakaa kimya kidogo, kisha kikapasuka chote kwa pamoja. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga, na kanga ikamshinda. Kilikuja kwa juu ya ukuta. Nyumba yetu ya Temeke haikuwa na dari, na kuta za vyumba ziliishia pale mkono wa mtu mrefu unapofika. Juu yake palikuwa na mbao, bati, na hewa ya watu wote. Dagaa wa chumba cha mbele walinukia kwetu, redio yetu iliimba kwao, na aliyekohoa alipewa pole na vyumba vyote. Kwa hiyo kicheko kile cha mchana, saa ambayo Bibi alijinyoosha mkekani na mtaa mzima ulikuwa umezimwa na jua, kila mtu alikisikia. Kila mtu alijua kinatoka chumba cha mamdogo Rehema. Na kila mtu alijua kwamba humo chumbani mamdogo yuko peke yake.

Nimekikumbuka kwa sababu ya sanduku. Juzi bajaji ilisimama nje ya ninapoishi sasa, Tabata, dereva akashusha sanduku la bati la rangi ya bluu, limebabuka pembe zote, akasema ametumwa na mama mmoja wa Kigamboni. Nilimpigia mamdogo simu kumuuliza. "Chukua tu," alisema, "mie nimechongewa kabati." Nikafungua, na kabla sijagusa kilichokuwamo ikanipiga harufu ya vile vidonge vyeupe vinavyotiwa kwenye nguo ili nondo wasizile. Watu wengi wa rika langu wakiisikia harufu ile huwakumbuka bibi zao na kanga zao za sikukuu. Mimi hukumbuka jini.

Mamdogo Rehema ni mdogo wake mama yangu, kitinda mimba wa Bibi. Wakati ule asubuhi alishona sare za shule kwenye cherehani barazani, na mchana alijifungia chumbani. Mama alishinda kazini mjini, kwa hiyo nikitoka shule nilikuwa mtoto wa Bibi mpaka jioni, na nilisikia yote. Mamdogo hakucheka tu. Siku nyingine alilia, kilio cha taratibu kisicho na msiba. Siku nyingine alimsihi mtu: "Usiende, we mjinga. Usiende." Halafu jua likipoa alitoka, macho mekundu, uso umetulia kama wa mtu aliyerudi safari njema, akachukua ndoo kwenda bombani.

Aliyeanza kusema alikuwa Mama Upendo, mpangaji wa chumba cha mbele, mwalimu aliyekuja Dar kutoka bara, mtu wa kanisa na wa kupiga pasi mpaka mashuka.

"Mama, mie sipendi kuingilia ya watu," alimwambia Bibi wakichagua mchele uani, "lakini yule mdogo wetu anachekaga na nani?"

"Kumbe na wewe umesikia."

"Nimesikia mpaka nikampa vema mtoto aliyekosa hesabu."

Bibi alipeta mchele, akapuliza. "Ana mtu."

"Mtu? Dirisha lile paka mwenyewe anapita kwa kujibana."

"Sijasema mtu wa kupita dirishani." Bibi akashusha sauti, jambo ambalo katika nyumba ile halikusaidia kitu. "Nyanya yangu alikuwa naye. Jini wa mahaba. Huja mchana, jua likisimama. Anachekesha, analiza, halafu hataki mume mwenziwe."

Mama Upendo alijipangusa mikono kwenye kitenge. "Sie kwetu tungemfanyia maombi."

"Na maombi fanya, hayakatazwi. Lakini kwanza tumjue jina, tujue anataka nini. Mgeni humfukuzi kabla hujamuuliza shida yake."

Bibi hakuwa mtu wa kuogopa vivuli. Alichoogopa kilikuwa na jina na anwani. Mamdogo alikuwa amechumbiwa na Issa, kijana wa watu wa kusini, mchonga mbao, mpole, mikono yake ikinukia mninga. Mamdogo alimpenda, na hakuna aliyehitaji kuambiwa hivyo: siku Issa akipita barazani, kuna mtoto atakwenda shule na kaptula ambayo mguu mmoja ni mrefu. Lakini Issa alikuwa amelelewa na shangazi yake, Bi Mwanaidi wa Kigamboni, na neno la mwisho la posa ile lilikuwa mdomoni mwa Bi Mwanaidi. Akisema ndiyo, ndoa ipo. Akisema hapana, Issa atainama, atalia, na atamtii. Ni ukoo gani utapokea mke ambaye tayari ana mume asiyeonekana?

Mimi sikuogopa. Mimi nilitaka kumwona. Nilianza kuchomeka pua kwenye upenyo wa mlango wa mamdogo, maana nilishasikia kwamba majini hupenda manukato. Ndiyo sababu nilipoishika ile harufu kali, ya baridi, isiyo udi wala marashi ya waridi, sikushangaa hata kidogo. Niliivuta mpaka ikanichoma kooni. Niliona imemfaa: mume wa mchana, anayenukia kama sanduku lililofungwa, anayemchekesha mamdogo kuliko mtu yeyote kwenye nyumba yetu.

Halafu siku moja nilipata na jina. Kicheko kilipasuka, na mamdogo akasema huku akihema, "Ee Kapteni Mbaruku, utaniua mie."

Nilikimbia uani. Bibi alikuwa anakoroga mchuzi.

"Bibi, nimemjua. Anaitwa Kapteni Mbaruku."

Mwiko ulisimama katikati ya chungu. "Kapteni?"

"Kapteni Mbaruku."

"Basi wa baharini," Bibi alisema polepole. "Na ana cheo." Alikuwa na hofu, lakini nilimwangalia vizuri, na ndani ya hofu ile niliona na majivuno kidogo.

"Afadhali," sauti ya Mama Upendo ilisema kutoka juu ya ukuta. "Angekuwa koplo tungedharauliwa."

Kesho yake Bibi alivaa baibui kwenda kwa mama mmoja anayejua mambo ya majini wa baharini, kumuuliza mwenye cheo huandaliwa nini. Yule mama alimwambia halwa, kitambaa cheupe, na subira. Lakini yule mama alikuwa na dada Kigamboni, na dada yake alikuwa na jirani, na hivyo ndivyo habari huvuka maji bila kulipa nauli ya panton.

Siku Bibi alipokwenda kutafuta hiyo halwa, nilijitia moyo nikausukuma mlango wa mamdogo.

Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, juu ya kanga, pale ambapo mwanga wa dirisha ulianguka kipande. Sanduku la bati lilikuwa wazi mbele yake. Kanga za juu zilikuwa zimesukumwa pembeni, vidonge vyeupe vimetawanyika, na chini ya kanga, badala ya kanga nyingine, kulikuwa na vitabu. Vingine havikuwa na majalada. Vingine vilikuwa vimevimba kama vilivyowahi kuzama. Vilivyoachana kurasa alikuwa amevishona upya kwa uzi wa bluu, ule ule wa sare za shule.

"Funga mlango," alisema.

Nilifunga. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Kapteni."

Aliniangalia. Kisha kikaja kicheko, na kwa mara ya kwanza nilikiona: kilianzia mabegani, kikapanda shingoni, kikamfumba macho. Alipomaliza aliinua kile kitabu alichokuwa akisoma, kisicho na jalada, akanionyesha jinsi mtu anavyomwonyesha mwenzie mtoto mchanga.

"Huyu hapa. Mwamkie."

Na mimi, kwa kuwa nililelewa, nikakiambia kitabu shikamoo.

Nilimuuliza kwa nini hawaambii watu. Alikaa kitako akakunja miguu. Kumbe alipofeli kidato cha nne Bibi alisema ni riwaya zilizomla kichwa, akamtaka aahidi hatazigusa tena, na yeye akaahidi. "Sikiliza, Zai. Jini ni maradhi. Mwenye maradhi anapikiwa uji, anaambiwa pole, anaachwa alale mchana. Riwaya ni kosa. Mwenye kosa anapigiwa kelele mpaka mtaa wa pili. Nilipowasikia wanasema nina jini, nikaona basi, wacha niwe nalo." Alikuna kichwa. "Ila sikujua watampa cheo cha baharini. Huyu kapteni bahari ameiacha ukurasa wa kwanza."

Kilichonishangaza zaidi ya vyote ni kwamba sikukijua kitabu hata kimoja. Nilidhani vitabu vyote vya hadithi duniani navijua, kwa sababu nilidhani viko vichache. Wakati ule kulikuwa na riwaya moja ambayo kila nyumba ilikuwa nayo, au ilidai inayo. Walimu waliitaja, redio iliitaja, watu wazima walimaliza mabishano kwa kuitaja. Nilikuwa nimeazima nakala ya Mama Upendo nikajaribu.

"Nililala," nilimwambia mamdogo, kwa sauti ya kuungama.

"Na mimi nililala," alisema, kwa sauti hiyo hiyo. Kisha akaketi sawa. "Sikia. Ni kitabu kizuri. Kizuri kwa wenyewe. Lakini kuna watu wanapewa kitabu kimoja tu maishani, kile kinachosifiwa, hakiwaingii, wanaona basi, wao si watu wa vitabu. Ni kama mtu aliyealikwa arusi moja, akapewa pilau asiloliweza, akaapa kwamba hana tumbo la kula. Ana tumbo. Hajapata tu chungu chake."

Jumamosi iliyofuata alimwambia Bibi tunakwenda kutafuta vifungo. Vifungo tulinunua, kweli. Kisha tukazunguka nyuma ya soko, walipo wauza viatu vya mitumba, na katikati ya viatu palikuwa na mtu aliyetandika turubai la vitabu. Mbele alipanga vile vya shule na ile riwaya inayosifiwa, nakala nyingi, mgongo kwa mgongo, maana ndiyo iliyoulizwa na kila aliyesimama. Mamdogo aliruka safu ile ya mbele kama mtu anayeruka mfereji, akachutama kwenye kona ya nyuma, kwenye rundo ambalo hakuna aliyelipanga.

"Hapa," alisema. "Hivi vya mbele vimeshapata watu wao. Hivi vinasubiri."

"Nitajuaje kizuri?"

"Usisome mwanzo. Mwanzo kila mwandishi amevaa shati la Idi. Fungua katikati, umkute na nguo za nyumbani. Soma umesimama hivyo hivyo juani. Ukiisahau miguu yako, kichukue."

Nilifungua cha kwanza, miguu ikaniuma. Cha pili, jua likanichoma utosini. Nilifungua kitabu chembamba chenye doa la mafuta, kilichoanza kuliwa na mchwa pembeni, na katikati yake kulikuwa na wasichana wa bweni waliokuwa wamemficha mbuzi chini ya kitanda, na mwalimu wa zamu amesimama mlangoni akinusa. Mmoja wao akaanza kukohoa kikohozi cha mbuzi ili mbuzi akilia isijulikane nani ni nani. Nilifunua. Mwalimu aliingia. Nilifunua. Nilikuja kushtuliwa na mtu wa mkokoteni aliyekuwa akinipigia mluzi muda mrefu nisogee, na mamdogo alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni, akitabasamu.

"Miguu yako iko wapi?" aliniuliza.

Niliitazama. Moja ya ndala zangu ilikuwa imevuka peke yake mpaka kwenye viatu vya mitumba.

Mpaka leo sijapata njia bora ya kutafuta riwaya. Sasa naandika, na nakaa na wanaoandika, na kwenye vikao vyetu majina ni yale yale, yanazungushwa kama sahani ya kashata. Wakiniuliza nimekipata wapi kitabu ninachowasimulia, kile ambacho hakuna aliyekisikia na kila mtu sasa anakitaka, nawaambia ukweli: kwenye kona ya nyuma, kimefunguliwa katikati, nimesimama. Nimepata furaha nyingi kwa njia hiyo. Nimepata wapelelezi wavivu, wachawi wenye madeni ya mapenzi, mke wa mchungaji aliyeiba kengele. Vilikuwa vinasubiri tu mtu achutame.

Basi tulianza kusoma wawili. Mchana mamdogo alilala kifudifudi upande mmoja wa ule mwanga na mimi upande wa pili, yeye na kapteni wake, mimi na mbuzi wangu, na kwa kuwa mimi sikuwa na kanga ya kujiziba mdomo, kicheko changu kilipanda juu ya ukuta bila breki.

"Yarabi," nilimsikia Bibi akisema upande wa pili. "Sasa amemwingia na mtoto."

Bibi aliamua halwa haitoshi. Alipanga siku ya kisomo, na akatangaza kwamba baada ya hapo mamdogo atapelekwa Kilwa kwa ndugu, akae huko mpaka kapteni achoke. Siku hiyo mamdogo alishona mpaka jioni. Nilijua tu kwamba Kilwa ni mbali na turubai letu, mbali na Issa, na kwamba sanduku halitapelekwa bila kufunguliwa. Lakini kabla ya siku ya kisomo kufika, alifika Bi Mwanaidi.

Alikuja mchana, bila taarifa. Alikuwa mwanamke mpana, amejifunga kanga mpya juu ya gauni, na alikaa kwenye mkeka wa ukumbini kama mtu anayeuweka mzigo mahali pake. Nilimwamkia, akaitikia huku akinichunguza macho, kutazama kama na mimi ninalo. Bibi alileta chai na visheti. Mamdogo aliketi ukutani, ameinamisha kichwa. Walisalimiana mpaka salamu zikaisha.

"Mama Rehema," Bi Mwanaidi alisema, "mie si mtu wa kuzunguka. Nimesikia la kusikia. Jini si aibu. Hata kwetu wapo, na mmoja ana adabu kuliko wajomba zangu. Lakini huyu nimeambiwa ni wa mahaba, na ni kapteni." Aliweka kikombe chini. "Issa ni fundi wa mbao. Ana msumeno na randa. Atagombana vipi na kapteni?"

Bibi alimsogezea sahani ya visheti.

"Nisipopata jibu leo, posa yetu nitaichukua nirudi nayo. Kwa heshima, bila ugomvi. Rehema, mwanangu, mie nakupenda. Lakini niambie mwenyewe. Yupo au hayupo?"

Nilimtazama mamdogo. Niliona mtego wote, hata kwa macho ya mtoto. Akisema yupo, Issa amekwenda. Akisema hayupo, ataulizwa basi anacheka na nani, na ahadi aliyompa mama yake itapasuka mbele ya mgeni. Vidole vyake vilikuwa vinashona hewa, kama vya mtu anayetafuta mwanzo wa uzi.

Hakuna aliyenituma. Niliinuka, nikaingia chumbani, nikafungua sanduku, nikatoka na kitabu kimekumbatiwa kifuani, harufu ya vidonge ikinifuata, nikakiweka mkekani kati ya chai na visheti.

"Huyu ndiye Kapteni Mbaruku," nilisema. "Ukimwamkia haitikii."

Mama Upendo, nyuma ya ukuta wake, aliacha kusugua sufuria.

Bibi alikigeuza kitabu kwa ncha ya kidole. Aliuona uzi wa bluu. Alimtazama binti yake. "Uliniahidi."

"Nilikuahidi, mama."

"Siku zote hizi nahangaika na halwa."

"Hayo ya ahadi mtayamaliza wenyewe," Bi Mwanaidi alisema, na macho yake hayakutoka kwenye kitabu. "Mie nimevuka maji kuja kumwona kapteni. Kama ni huyu, nataka nimsikie. Kitabu gani kinamchekesha mtu mzima peke yake mchana? Soma, mwanangu. Soma pale ulipocheka."

Mamdogo alikichukua. Akafungua katikati.

Kapteni Mbaruku alikuwa nahodha mstaafu, aliyerudi kwao kwenye mji mkavu wa bara ambako maji hununuliwa kwa ndoo, na siku ya pili baada ya kufika akaanza kuunda boti uani kwake. Mji mzima ulimcheka. Lakini aliyemsumbua hasa alikuwa jirani, mjane aitwaye Bi Tausi, ambaye kila alfajiri alipanda juu ya kinu kumtukana kwa juu ya ukuta kwa ajili ya kelele za nyundo. Mamdogo alisoma matusi ya Bi Tausi kwa sauti ya Bi Tausi. Hapa hata chura wamehama, we mzee, boti la nini? La kungojea mvua, jirani. Utaingojea na meno yako mawili, na hayo mawili hayasemezani.

Bi Mwanaidi alitoa sauti puani. Alijaribu kuirudisha, ikatoka tena. Kufikia pale Bi Tausi anapomrushia kapteni kandambili, na kapteni anaipigilia kwenye boti iwe kiti, alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga mpya, na mabega yake yalikuwa yameanza. Nilikijua kicheko hicho. Nilikisikia kinapanda.

"Hebu rudia hapo kwenye kandambili," Mama Upendo alisema juu ya ukuta. "Sufuria ililia."

Mamdogo alirudia. Chai ilipoa, hakuna aliyeigusa. Kapteni akaugua homa, nyundo ikanyamaza, na Bi Tausi akapanda juu ya kinu asikute mtu wa kumtukana, akashuka, akapanda tena. Sauti ya mamdogo ilikuwa imenyooka sasa, inatembea. Nilimtazama Bibi. Alikuwa amekaa upande, kama mtu aliyegoma, lakini goti lake lilikuwa limesogea, kisha na lile la pili, mpaka kivuli chake kikafika kwenye ukurasa.

"Paza sauti, Rehema," alisema kwa ukali. "Watu hawasikii."

Ndipo boti likamalizika. Mji ulikuja kulitazama, na mtu mmoja akauliza litatoka vipi, maana geti la kapteni lilikuwa la upana wa punda mmoja. Kwa miaka ile yote hakuna aliyefikiria, hata kapteni. Njia ilikuwa moja tu: ukuta wa Bi Tausi. Kapteni hakuomba. Alikaa kwenye kiti cha kandambili akaanza kuling'oa boti lake ubao mmoja mmoja. Na upande wa pili wa ukuta, Bi Tausi akasikia mbao zinang'olewa, akaingia ndani, akatoka na nyundo ya marehemu mumewe, akausogelea ukuta, akainua mkono.

Mamdogo akafunga kitabu.

"Halafu?" akasema Bi Mwanaidi.

"Halafu?" ukuta ukasema.

"Jua linashuka, shangazi," mamdogo alisema kwa upole. Niliuona ujanja ukimpita machoni kama samaki. "Usije ukaikosa panton."

Bi Mwanaidi alikuwa akikitazama kitabu kisicho na jalada kama anavyotazamwa mtu uliyeambiwa vibaya juu yake. "Wanangu waliwahi kuniletea kile kinachosifiwa," alisema. "Kila mtu anakijua, nami nikataka nikijue. Kila nikikishika, nalala. Nikasema basi, Mwanaidi, kichwa chako ni cha kutilia mafuta tu." Alitikisa kichwa. "Kumbe sikuwa nimeonana na wangu." Akanyoosha mkono. "Niazime. Nitakirudisha kizima."

"Hiki hakina mwenzake, shangazi. Nimekitafuta soko zima. Hakitoki ndani ya sanduku peke yake."

Wakatazamana. Kisha Bi Mwanaidi akacheka, safari hii bila kanga, kicheko wazi kilichopanda kwenye mbao na kwenye bati na kuwafikia watu wote.

"Basi kitoke na mwenyewe," alisema. "Mama Rehema, tulikubaliana ndoa iwe baada ya mfungo. Mie naona kabla. Na sanduku lije kama lilivyo, lisipunguzwe hata kimoja. Issa atajua pa kuviweka, kuchonga si ndiyo kazi yake."

Mamdogo aliinamisha uso. Kidole chake kilikuwa bado kimebaki kati ya kurasa, pale pale penye nyundo.

Bi Mwanaidi aliinuka, akajifunga kanga upya, akanipapasa kichwa, akarudi nyuma hatua moja kunyakua kisheti cha njiani. Bibi alimsindikiza ukumbini, wakipeana kwaheri na salamu za huko na za huku. Kwenye kizingiti mgeni aligeuka, akamtazama mamdogo kwa mara ya mwisho.

"Niambie tu, huo ukuta anaupiga ama haupigi."

"Karibu tena, shangazi," mamdogo alisema.

Bi Mwanaidi akashuka ngazi akinung'unika. Bibi alibaki ameshika mlango, mgongo wake kwetu.

"Asifunue mtu ukurasa mpaka nije nikae," alisema bila kugeuka, akaufunga mlango nyuma ya mgeni, na akatia komeo.